MSHALE WENYE KIGUMBA KIPANA, NA NJIA YA KUUFANYA URUKE SAWASAWA

Watu wengi waliozoea upinde wamekutana na jambo hili wakastaajabu. Mtu hujizoeza kwa mishale yenye ncha nyembamba, akipiga shabaha ya majani makavu kwa mwendo wa yadi 20, na mishale yake yote hukusanyika mahali pasipozidi upana wa kiganja. Kisha huziondoa zile ncha nyembamba, akatia vigumba vipana vya kuwindia. Basi kwa upinde ule ule na mkono ule ule, mshale wa kwanza huenda kushoto, wa pili huenda juu, na wa tatu hupotea majanini. Hapo mmoja husema kigumba ni kibovu, mwingine husema upinde umechoka, na wa tatu husema amerogwa.

Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba kosa lilikuwamo katika mshale tangu zamani, ila ncha nyembamba ililificha. Kigumba kipana hulitoa kosa hilo nje, likaonekana na kila mtu. Kwa hiyo dawa yake ni kuutafuta ubovu mmoja mmoja kwa utaratibu na kuuondoa.

Jambo hili si la mchezo. Mshale wa shabaha ukikosa, hasara yake ni hatua chache za kwenda kuuokota. Mshale wa kuwindia ukikosa kidogo tu, mnyama hupigwa tumboni au pajani, hukimbia na chuma mwilini, akafa baada ya siku kadha wa kadha mahali asipoonekana. Nyama imepotea, kiumbe kimeteswa bure, na mwindaji hana sifa yo yote. Tena mnyama mkubwa aliyejeruhiwa ni hatari kwa kila mtu apitaye njia ile, hata kwa mama aendaye kuteka maji.

MAJINA YA SEHEMU ZA MSHALE

Kabla ya kuendelea yafaa tupatane juu ya majina. Mti wa mshale twauita wano. Chuma cha mbele twakiita kigumba, ingawa wengine husema chembe. Mkato wa nyuma wa kuingizia ugwe twauita pengo. Ugwe wenyewe wa upinde twauita upote. Na kile chuma chembamba kisicho na bapa, cha kujizoezea, twakiita ncha ya mazoezi.

SABABU YA KUPOTEA

Watu wa pwani wataelewa upesi. Chombo chenye usukani tezini huenda kwa amri ya nahodha. Lakini mtu akitundika tanga omoni, na upepo ukalipiga ubavuni, omo huvutwa upande, na usukani hupata kazi kubwa ya kushindana nalo. Manyoya ndiyo usukani wa mshale. Kigumba kipana ni kama tanga dogo lililowekwa omoni.

Mshale ukienda umenyooka kabisa, hewa hupita sawasawa pande zote mbili za bapa la kigumba, na tanga halishiki kitu. Mshale ukienda umeinama hata kidogo, hewa hulipiga bapa lile, nalo huusukuma mshale upande ule ule ulioinamia, na kosa huongezeka. Ncha nyembamba haina bapa la kushikwa na hewa. Mshale wake waweza kuyumba vile vile utokapo upindeni, lakini manyoya huunyosha upesi, na mpigaji hajui kamwe kwamba uliyumba.

Hapo mtu aweza kuuliza, Ikiwa kigumba kipana kina taabu hivi, mbona kitumiwe? Katika Afrika ya Mashariki wawindaji wa zamani, kama Wakamba na Waliangulu, walitegemea sumu iliyopikwa kwa mti wa msunguti. Chembe yenye sumu haina haja ya kuwa pana, maana kazi ya kuua ni ya sumu. Lakini pasipo sumu mshale huua kwa kutoa damu peke yake. Hauna kishindo kama risasi. Kwa hiyo kigumba hapana budi kiwe kipana na kikali ili kikate mishipa mingi, na majimbo mengi ya Marekani yameweka sheria kwamba upana wa kigumba cha kuwindia usipungue saba ya nane ya inchi.

MAFUNDI WA MBALI NA WA KARIBU

Mwaka 1911 mtu mmoja wa kabila la Yahi, aliyeitwa Ishi, alitokea peke yake katika mji wa Oroville, jimbo la California, huko Marekani. Watu wa kabila lake walikuwa wamekwisha kuuawa au kufa. Alipelekwa San Francisco, akakaa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California. Huko daktari mmoja, Saxton Pope, alijifunza kwake kutengeneza upinde na mishale na kuwinda. Ishi alifariki mwaka 1916, na Dr. Pope akaandika kitabu juu ya uwindaji wa upinde kilichotolewa mwaka 1923. Mwaka 1925 yeye na rafiki yake Arthur Young, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, na bunduki ilikuwapo karibu ya kuwalinda. Mishale yao ilikuwa na vigumba vipana vya chuma cha pua.

Na karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wanakaa Wahadza, ambao ni mafundi wa upinde hata leo. Wao wana mishale ya namna mbalimbali: yenye ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, yenye chembe ya chuma isiyo na sumu, na yenye chembe iliyopakwa sumu. Mhadza akitengeneza mshale huupasha moto, huuma mti kwa meno na kuupinda, huutazama kwa jicho moja, kisha huurudia tena. Ishi naye aliyanyosha mawano yake kwa joto la moto. Watu hawa hawakupata kuonana wala kusikiana, lakini wote huanza mahali pamoja, yaani kwenye wano. Nasi na tuanze hapo.

1. WANO

Chagua vijiti vilivyonyooka tangu porini, visivyo na vifundo vingi, na unene wake uwe mmoja. Vifunge pamoja kama mzigo wa kuni, uviweke kivulini vikauke polepole. Vikikaushwa juani hupasuka na kujikunja. Samaki mkunje angali mbichi; lakini wano hata likikauka laweza kunyoshwa kwa moto. Lipitishe juu ya makaa, wala si katika ndimi za moto, mpaka mahali palipopinda pawe na joto jingi. Lipinde upande wa pili kupita kiasi kidogo, ulishike hivyo mpaka lipoe. Kisha litazame kwa jicho moja kutoka mwisho mmoja hata wa pili, huku ukiligeuza.

Kunyosha mara moja hakutoshi. Mti hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi, nao hugeuka. Mwindaji mwangalifu huyatazama mawano yake yote kila msimu. Tena mawano ya podo moja yawe ya urefu mmoja na uzito mmoja. Mshale mzito huanguka mapema kuliko mwepesi, na mtu mwenye mishale ya uzito mbalimbali hawezi kujua kama amekosa yeye au umekosa mshale.

2. KUKITIA KIGUMBA

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Kigumba kilichopinda kidogo pale kinapoungana na wano ni tanga lililofungwa upande, na hakuna manyoya yatakayolishinda mwendo wote. Ikiwa kigumba kina mkia unaoingia ndani ya mti, tundu lake litobolewe katikati kabisa. Ikiwa kina mdomo unaofunika mti, basi mti uchongwe kama penseli, sawasawa pande zote, mpaka mdomo ukae bila kucheza. Kitie kwa gundi inayolainika kwa moto, kisha ukaze kwa uzi au kano mahali palipo na mkia.

Jaribio lake ni jepesi. Simamisha mshale juu ya ubao mgumu, ncha ya kigumba chini, uuzungushe kwa vidole viwili kama pia, vidole vikiwa juu mbali na makali. Tazama mahali kigumba kinapoungana na wano. Pakitulia kama pia iliyolala, kazi ni njema. Pakitetemeka, pasha gundi moto, geuza kigumba kidogo, ujaribu tena. Kikikataa mara tatu, kitie katika wano jingine ulilolijua kuwa limenyooka. Kikitulia huko, wano lako la kwanza ndilo bovu. Kikitetemeka na huko, kigumba chenyewe kimepinda. Na wakati wa kunoa, ondoa chuma sawasawa pande zote mbili, maana bapa lililolika upande mmoja huuvuta mshale.

3. MANYOYA

Kadiri tanga la mbele lilivyo kubwa, ndivyo usukani wa nyuma uwavyo. Manyoya madogo yanayotosha kwa ncha ya mazoezi huenda yasitoshe kwa kigumba. Wapigaji wengi wa mishale ya mti hutia manyoya 3 ya urefu wa inchi 5. Wengine hutia 4 yaliyo mafupi zaidi. Dr. Pope alitumia manyoya ya bata mzinga. Ndege yo yote mkubwa mwenye manyoya magumu ya bawa afaa, maadamu si ndege aliyekatazwa na sheria.

Lakini kuna sharti moja lisilosamehewa: manyoya yote ya mshale mmoja yatoke katika bawa la upande mmoja, ama la kulia yote, ama la kushoto yote. Nyoya la kulia hujikunja huku, na la kushoto hujikunja kule, yakichanganywa hushindana. Yaweke yakiwa yameinama kidogo, yakifuata mkunjo wake yenyewe, ili mshale uzunguke hewani. Kuzunguka huko kuna faida kubwa, kwa kuwa kosa dogo la kigumba haliuvuti mshale upande mmoja tu, bali hugawanywa pande zote. Tena funga vizuri mwanzo wa shina la nyoya, lisije likakuchoma mkono. Yakinge manyoya na mvua, kwa sababu nyoya lililolowa hulala juu ya mti na kuwa kama halipo.

4. KUNEPA KWA WANO NA UZITO WA MBELE

Upote unapoachwa, huusukuma mshale kwa nyuma kwa nguvu nyingi, na kigumba kwa uzito wake hukawia mbele. Kwa hiyo wano hunepa kama mtu anavyousukuma ufito ukutani. Hunepa huku, hunepa kule, na kwa njia hiyo huuzunguka mti wa upinde bila kuugusa kwa manyoya yake, ndipo hutulia. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Marekani, Clarence Hickman, alipiga picha za upesi sana zilizoonyesha wazi mwendo huu.

Basi wano lililo gumu mno kwa upinde wako halinepi vya kutosha, na lililo laini mno hunepa kupita kiasi. Yote mawili hutoka upindeni yameinama. Yafaa ijulikane kwamba kigumba kizito hulifanya wano linepe zaidi, na kigumba chepesi hulifanya linepe kidogo. Wano refu hunepa kuliko fupi, na jembamba kuliko nene. Kwa sababu hiyo ncha ya mazoezi hapana budi iwe na uzito ule ule wa kigumba. Kigumba kimoja kinachotumiwa sana kina uzito wa gramu 8 hivi. Mtu akijizoeza kwa ncha ya gramu 5, amejizoeza kwa mshale mwingine kabisa.

Uzito wa mshale nao uelekee mbele. Uweke mshale uliokamilika juu ya kidole mpaka ulale bila kuanguka. Kwa mshale wa inchi 28, mahali pa mizani pafaa pawe inchi 3 au 4 mbele ya katikati yake. Ukiwa mzito nyuma, mshale huelekea kugeuka njiani.

5. UPOTE NA PENGO

Fanya alama ya uzi juu ya upote, ili pengo likae mahali pale pale kila mara. Pengo lisibane mno wala lisilegee. Ukiuning'iniza mshale kwa pengo lake juu ya upote, ukae. Ukiupiga upote kwa kidole, uanguke. Tena kila siku pima umbali kutoka mshiko wa upinde hata upote, kwa maana upote hurefuka kwa matumizi, na umbali huo ukibadilika, mruko wa mshale nao hubadilika.

6. KUUJARIBU MSHALE

Sasa twaa mishale 3 yenye ncha za mazoezi na 3 yenye vigumba, yote ya uzito mmoja. Weka shabaha ya majani yaliyoshindiliwa, na nyuma yake pawe na kilima au boma la udongo, wala pasiwe na njia ya watu au mifugo. Anza kwa yadi 10, kisha 20. Usihukumu kwa mshale mmoja. Tazama mahali mishale 3 inapokusanyika, na urudie mara kadha wa kadha.

Kwa mtu avutaye upote kwa mkono wa kulia, maana yake ni hii:

Vigumba vikikusanyika kushoto kwa ncha, wano ni gumu mno. Likwangue kidogo mwili mzima, au tia kigumba kizito zaidi, pamoja na ncha ya uzito ule ule.

Vikikusanyika kulia, wano ni laini mno. Tia kigumba chepesi zaidi, au tafuta wano nene. Waweza kulifupisha kidogo, lakini lisiwe fupi hata kigumba kifike nyuma ya mkono unaoshika upinde wakati wa kuvuta. Mtu aweza kujikata vibaya.

Vikienda juu ya ncha, pandisha alama ya upote kidogo. Vikienda chini, ishushe kidogo.

Visipokusanyika mahali po pote, ila vikatawanyika, rudi kwenye jaribio la pia, kisha utazame manyoya.

Kwa mtu wa mkono wa kushoto, kulia na kushoto hubadilishana. Juu na chini ni vile vile. Na kwa wote, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Mtu akwanguaye wano, akahamisha alama na kubadili manyoya kwa siku moja, hatajua ni lipi lililomponya wala ni lipi lililomharibu. Kazi itakuwa imekwisha siku ile vigumba na ncha vitakapofikia mahali pamoja.

7. MAKALI, UMBALI NA SHERIA

Kigumba kilichojaribiwa katika majani kimekwisha kuwa butu. Kinoe tena kabla ya kuwinda, na ukiweke katika podo mahali kisipogusana na vingine. Kigumba butu husukuma mishipa kando badala ya kuikata.

Tena usijaribu mbali. Mshale wa upinde wa kawaida wa mti huenda yapata yadi 50 kwa sekunde, na sauti ya upote huenda zaidi ya mara 7 ya hapo. Mnyama aliye yadi 40 husikia upote mapema, naye huweza kuwa amekwisha kusogea mshale ufikapo. Mruko ulio mzuri kabisa hauwezi kuponya jambo hili. Kukaribia ndiyo dawa yake. Wawindaji wengi hawapigi kupita yadi 20, nao hupata nyama zaidi kuliko wapigao mbali.

Mwisho, sheria. Katika Kenya uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku mwaka 1977. Katika Tanzania haifai mtu kuwinda pasipo kibali cha serikali, na mahali pengine ni mwiko kabisa. Asiye na ruhusa na apige shabaha ya majani, ambayo ni mchezo wa heshima na wenye kufundisha jicho na subira. Aliye na ruhusa na akumbuke kwamba ruhusa haikumpa haki ya kujeruhi na kuacha.

Kwa hiyo utaratibu wa kazi ni huu: kwanza wano, kisha kigumba, kisha manyoya, kisha uzito na kunepa, kisha upote, na jaribio baada ya yote. Afuataye utaratibu huu atatumia siku nyingi kivulini akiwa na makaa na uzi, na siku chache porini akifuata damu. Ambaye hana subira ya kuuzungusha mshale wake juu ya ubao, afadhali upinde wake na ukae ukutani.